MOF hupikwa popote, shida iko kwenye kipimo

Tangu Oktoba 2025, Nobeli ya Kemia ilipokwenda kwa Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley kwa kazi yao ya MOF, kuna sentensi moja imenichosha masikio: "Hayo ni ya wenzetu, sisi hatuna mashine za kutengenezea." Mashine gani? Naomba mtu mmoja tu anitajie jina lake.

MOF ni ayoni za metali zilizoungwa na molekuli za kikaboni, kama boriti na misumari, zikawa fuwele yenye matundu ndani. Robson alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1974, akitengeneza vipira vya mbao vya kufundishia wanafunzi muundo wa molekuli. Makala yake ya kwanza ilitoka 1989, na viambato vyake vilikuwa ayoni za shaba na molekuli yenye mikono minne. Hakukuwa na tanuri la ajabu.

Chukueni ZIF-8, MOF ya zinki. Yeyusha gramu 2.93 za nitrati ya zinki (ile yenye maji sita) katika mililita 200 za methanoli. Kwenye bika ya pili weka gramu 6.49 za 2-methilimidazoli na mililita 200 nyingine. Mimina hii ya pili kwenye ile ya kwanza huku sumaku ikikoroga, na muda si mrefu utaona kitu kama maji ya kuoshea mchele. Acha saa moja kwenye joto la chumba, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga, osha kwa methanoli mara tatu, kausha. Methanoli hupofusha na hushika moto, kwa hiyo fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, si mezani kando ya chai. Mapishi ndiyo hayo, yamekwisha.

Wengi hukwama kwenye kuchuja. Chembe zake ni za makumi ya nanomita, hivyo hupenya karatasi ya chujio kama vile haipo, na mtu anadhani hakupata kitu kumbe kakimwaga. Kosa la pili ni la wabana matumizi: methanoli ni ghali, basi wanaweka maji na kuacha uwiano uleule wa zinki moja kwa methilimidazoli nane (kwa idadi ya chembe, si kwa gramu). Mapishi ya maji yanayojulikana hutumia moja kwa sabini: gramu 1.17 za nitrati ya zinki kwa gramu 22.70 za methilimidazoli. Ukipunguza ovyo unapata hidroksidi ya zinki, au dutu yenye viambato vilevile lakini isiyo na matundu. Zote ni unga mweupe. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na hapo ndipo habari yetu inapoanza.

HKUST-1, MOF ya shaba, ina huruma kidogo. Ni nitrati ya shaba na asidi trimesiki, maji na ethanoli nusu kwa nusu, ndani ya chombo cha shinikizo chenye kikombe cha Tefloni. Ukipasha hadi 180 °C ethanoli hupenda kuipa shaba elektroni, ukabaki na uchafu mwekundu wa oksidi, kwa hiyo 110 hadi 120 °C inatosha. Unga wenye maji ni wa samawati ya feruzi. Ukiutoa maji kwa joto na ombwe unakuwa buluu iliyokolea, karibu na zambarau. Ukiuacha wazi, rangi ya kwanza inarudi. Kipimo cha bure, na wachache wanakitumia.

Angalieni pia majina ya MOF, yanavyotaja zilikozaliwa: HKUST ni chuo cha Hong Kong, UiO-66 ni Oslo, MIL-101 ni Versailles, DUT ni Dresden. CALF-20 ni Calgary, na hiyo ni zinki, triazoli na oksalati tu, lakini imefika kwenye majaribio ya kunasa kaboni dioksidi katika moshi wa kiwanda cha saruji Kanada. Hakuna hata mji mmoja hapo uliopewa jiko la siri.

Kinachoitenga maabara moja na nyingine ni kuthibitisha. Eksirei ya unga hukuambia fuwele ni ile: kwenye mchoro wake, ZIF-8 ina kilele cha kwanza karibu na pembe ya nyuzi 7.3, HKUST-1 kile kirefu karibu na 11.6, kwa mirija ya eksirei ya shaba. Lakini fuwele inaweza kuwa sahihi na matundu yake yamejaa kiyeyushi. DMF, kiyeyushi kinachotumika kupikia MOF nyingi, huchemka kwenye 153 °C na haitoki kwa kuombwa. Ibadilishe kwanza kwa methanoli au asetoni, siku tatu, kila siku kiyeyushi kipya, ndipo uweke ombwe na joto. Ukirukia joto moja kwa moja, kimiminika kinapotoka huvuta kuta za matundu na fuwele dhaifu inajikunja.

Halafu unyevu. MOF-5, nayo ya zinki, iliripotiwa 1999 kuwa na eneo la uso wa ndani la mita za mraba 2900 kwa gramu. Mwaka 2007 ikaonyeshwa kwamba isipoguswa na hewa yenye unyevu inafika 3800. Viambato ni vilevile, tofauti ni utunzaji. Anayeiacha kwenye sahani wazi Mombasa wakati wa masika asilaumu mapishi, maana inaanza kuharibika kabla chai haijapoa.

Eneo hilo hupimwa kwa kuinywesha sampuli naitrojeni kwenye kelvini 77 (karibu −196 °C), na kifaa cha kufanya hivyo ndicho ghali ambacho kweli wengi hawana. Naitrojeni ya kimiminika yenyewe si muujiza: wanaohimilisha ng'ombe wanaitumia kila siku, vituo vya Usa River na Kabete wanaijua. Mtungi usizibwe kabisa, utapasuka. Na tafadhali, pimeni uzito baada ya kukausha kwa ombwe, si kabla. Uzito ndio kigawanyo: kwenye miligramu 100, kosa la miligramu 5 ni asilimia 5 ya jibu lako.

Sasa lile ambalo wengi hunyamazia. "Eneo la BET", yaani eneo linalokokotolewa kutokana na naitrojeni hiyo kwa hesabu ya Brunauer, Emmett na Teller, kwenye matundu madogo si eneo halisi la uso. Hesabu hiyo inadhani gesi inajipanga tabaka juu ya tabaka, ilhali kwenye tundu la nanomita moja hakuna nafasi ya tabaka, tundu linajaa tu. Tunaitumia kwa sababu wote tunaitumia. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ambamo maabara 61 zilipewa seti 18 zilezile za data, tayari zimepimwa, zikaambiwa zikokotoe tu. Majibu yakatofautiana sana, na hizo ni maabara zenye kila mashine! Sababu kubwa ni kuchagua sehemu ya mchoro wa gesi iliyoingia dhidi ya shinikizo. Wengi hushika shinikizo la uwiano (p/p₀, shinikizo la gesi likigawanywa kwa lile la kugeuka kimiminika) la 0.05 hadi 0.3 kwa mazoea, sehemu ambayo kwa MOF mara nyingi ni makosa. Shuka chini zaidi, hakikisha kiasi cha gesi ukizidisha kwa (1 − p/p₀) bado kinapanda, na C, namba isiyobadilika ya hesabu ya BET, iwe chanya. Waandishi wa kazi hiyo walitoa programu ya bure, BETSI, inayojaribu kila sehemu inayokubalika, na inaendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya kawaida.

Kwa hiyo ukipeleka sampuli ipimwe kwa wengine, peleka angalau miligramu 100 kwenye chupa iliyofungwa vizuri, andika kiyeyushi cha mwisho, joto la kukaushia na saa ngapi. Kisha waombe faili la data ghafi, si namba moja kwenye barua pepe.