Jinsi ya kusoma rekodi ya mbunge wa upinzani

Tangu Juni 2024, swali ambalo wasomaji wa hapa Nairobi huniuliza zaidi ni hili: mbunge wangu wa upinzani alipiga kura gani? Kwa kuwa kazi yangu ni kufuatilia kumbukumbu za Bunge, wengi hudhani nina daftari lenye jina la kila mbunge na kura zake zote. Ukweli ni kwamba maamuzi mengi ya Bunge la Kitaifa hupitishwa kwa sauti. Spika huwataka wanaounga mkono waseme ndiyo, kisha wanaopinga waseme la, halafu hutangaza upande uliozidi. Katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, uamuzi wa namna hiyo huandikwa kwa kijisentensi kimoja ndani ya mabano, kwamba swali liliulizwa na likakubaliwa, bila jina hata moja. Mbunge aliyepinga mpaka sauti ikamkauka na mwenzake aliyekuwa nje akinywa chai hawatofautiani kabisa kwenye ukurasa huo.

Kwa kawaida majina huandikwa pale mbunge anaposimama kudai kura ihesabiwe, akaungwa mkono na idadi ya wenzake inayotakiwa na Kanuni za Kudumu, yaani kanuni zinazoongoza vikao vya Bunge. Hapo kengele hulia ili waliotawanyika warejee ukumbini, na kila mmoja hutakiwa kutamka msimamo wake au kubonyeza kitufe. Kwa maoni yangu, kudai hesabu hiyo ni miongoni mwa kazi muhimu zaidi za upinzani, maana upande wenye watu wachache unajua fika kwamba utashindwa, lakini huwalazimisha wote, wakiwemo wenzao wenyewe, waache alama. Ukitaka kuona hasara ya kuikosa, rudi kwenye kikao cha 20 Septemba 2018, Bunge lilipojadili pendekezo la Rais la kutoza mafuta kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 8. Kulikataa pendekezo hilo kulihitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, na kikao kikageuka vurumai, upande mmoja ukidai kwamba haukuhesabiwa. Mpaka leo mpiga kura hana orodha ya kumwonyesha nani alisimama wapi siku ile.

Mswada wa Fedha wa 2024, yaani mswada wa kodi za mwaka huo, ni kinyume chake, na ndiyo sababu nautumia kila ninapofundisha kusoma rekodi hizi. Uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Mwaka uliotangulia, katika hatua hiyo hiyo, mswada wa fedha ulikuwa umepita kwa kura 176 dhidi ya 81. Mtu asidhani kwamba upinzani uliongezeka kwa ghafla, kwani miongoni mwa waliosema la mwaka 2024 walikuwemo wabunge wa upande wa serikali waliobanwa na wananchi wao. Tarehe 25 Juni, mswada uliposomwa mara ya tatu, kura zilikuwa 195 dhidi ya 106, na 3 zikaharibika. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, damu ikamwagika barabarani, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Linganisha orodha hizo mbili jina kwa jina. Kila upande ulipungua kwa kura tisa katika siku tano. Mbunge aliyepinga tarehe 20 na asionekane tarehe 25 ana haki ya kujieleza, kwa sababu huenda alikuwa mgonjwa au alikuwa na ruhusa, na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 103, humpokonya kiti yule tu anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila idhini ya Spika kwa maandishi. Hata hivyo mpiga kura naye ana haki ya kuuliza, na asikubali kujibiwa kwa hotuba.

Jambo jingine linalosahaulika ni lile lililotokea kabla ya kura. Tarehe 18 Juni upande wa serikali ulikuwa tayari umetangaza kuondoa VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5. Kwa hivyo mwanasiasa anayejigamba jukwaani kwamba yeye ndiye aliyeuokoa mkate aonyeshe marekebisho aliyoyawasilisha. Marekebisho yanayokusudiwa huchapishwa katika Orodha ya Shughuli ya siku, pamoja na jina la anayeyapendekeza, kabla ya Kamati ya Bunge Lote, yaani wabunge wote wakiketi kama kamati, kupitia mswada kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo mimi huanzia. Mbunge aliyeandika marekebisho mawili yenye maana, hata kama yote yalizimwa kwa sauti, namthamini kuliko yule aliyezungumza mara arobaini akisifu au akilaani. Miswada binafsi, yaani ile inayoletwa na mbunge mmoja mmoja, nayo isihesabiwe ovyo, kwa kuwa Kifungu cha 114 kinazuia mswada unaogusa fedha kuendelea bila pendekezo la kamati husika, na mbunge wa upinzani anaweza kuandaa mswada mzuri ukalala hapo miaka.

Kamati zenyewe ndizo zenye kazi nzito. Kwa desturi ya muda mrefu, kamati inayochunguza hesabu za umma huongozwa na upande usiotawala. Jaramogi Oginga Odinga aliiongoza baada ya uchaguzi wa 1992 akiwa kiongozi rasmi wa upinzani. Rekodi ya mbunge katika kamati kama hiyo husomwa kwa maswali aliyoyauliza. Je, alimtaka katibu wa wizara alete risiti? Je, alirejelea aya ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu, au alitoa malalamiko ya jumla tu?

Katika Seneti, jumba la pili la Bunge, mambo ni tofauti tena. Jambo likihusu kaunti, kila kaunti huwa na kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, na kwa hiyo kumlaumu seneta wa kuteuliwa kwamba hakupiga kura siku hiyo ni kumwonea. Aidha, miswada ya fedha huishia Bunge la Kitaifa. Ndiyo maana ukimtafuta Seneta Okiya Omtatah wa Busia katika orodha za kura za Sheria ya Fedha ya 2023 hutampata. Yeye na wenzake waliipinga mahakamani, ambako Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Julai 2024 kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Oktoba mwaka huo. Kumpima kwa kura za ukumbini pekee ni kuacha nje sehemu kubwa ya kazi yake.

Halafu kuna neno upinzani lenyewe, ambalo kila mara lazima liambatanishwe na tarehe. Juni 2024 Opiyo Wandayi alikuwa Kiongozi wa Wachache, yaani kiongozi wa upinzani katika Bunge la Kitaifa, na John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za umma. Agosti wote wawili walikuwa mawaziri, Mbadi akiwa katika Hazina ya Kitaifa, ofisi ambayo kamati yake ilikuwa ikiihoji. Tarehe 8 Oktoba wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, 44 wakapinga, na katika wale 281 ungewakuta waliochaguliwa kwa tiketi za pande zote mbili za uchaguzi wa 2022. Anayejumlisha kura za mbunge za miaka mitano chini ya jina moja la upinzani atapata picha isiyokuwepo. Mimi hugawa rekodi kwa vipindi, nikaandika juu ya kila kipindi mbunge alikuwa upande gani na nani alikuwa kiranja wake, yaani msimamizi wa nidhamu na kura za upande wake.

Kazi hii ingekuwa rahisi iwapo Bunge lingechapisha kila kura ya majina katika jedwali linaloweza kutafutwa kwa jina la mbunge, siku ile ile inapopigwa. Majina tayari yamo ndani ya Hansadi. Ombi hilo nimeliandika kwa ofisi inayohusika, na nawasihi wasomaji nao waliandike.