Je, wajua ni kwa nini kubadilika kwa jeni moja kulirefusha maisha ya mnyoo maradufu?

Hapa Bukavu, insulini humkumbusha mtu ugonjwa wa sukari: kichupa kinachotunzwa mahali pa baridi, bomba la sindano, na wasiwasi wa jamaa kila umeme unapokatika. Wachache wanajua kwamba njia ambayo insulini hupitishia ujumbe wake mwilini ndiyo iliyowasaidia wanasayansi kuelewa kwa nini viumbe huzeeka, na kwamba jambo hilo liligunduliwa kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita moja hivi.

Mnyoo huyo, Caenorhabditis elegans, haishi tumboni mwa mtu wala hamdhuru. Hula bakteria kwenye matunda na majani yanayooza, kama yale yanayorundikana kando ya soko la Kadutu jioni. Katika miaka ya 1960, mwanabiolojia Sydney Brenner alimchagua kwa utafiti huko Cambridge, Uingereza, kwa kuwa mwili wake ni angavu, una seli 959 tu ukiacha za uzazi, na maisha yake ni ya wiki mbili au tatu. Cynthia Kenyon, Mmarekani aliyepata shahada ya udaktari mwaka 1981, alifanya kazi katika maabara ya Brenner kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco. Wakati huo wengi waliamini kwamba mwili huzeeka tu kama gari linavyochakaa kwenye barabara mbovu. Ingawa mwaka 1988 Tom Johnson na mwenzake walikuwa wameeleza jeni inayorefusha maisha ya mnyoo huyu, swali lenyewe la kama kuzeeka kunaongozwa na jeni halikuwa na heshima kubwa, na kwa maoni yangu ujasiri wa Kenyon wa kulishikilia ni sehemu ya ugunduzi wake.

Kazi yenyewe ilidai subira. Minyoo hufugwa kwenye visahani vyenye bakteria. Waliokomaa huhamishiwa visahani vipya wasichanganyike na watoto wao, maana mmoja huweza kuzaa takriban 300, kisha mtafiti humgusa kila mmoja kwa waya mwembamba chini ya hadubini, na asiyejitikisa huhesabiwa kuwa amekufa. Mwaka 1993 Kenyon na wenzake walitangaza kwamba minyoo wenye hitilafu katika jeni iitwayo daf-2 waliishi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Tena hawakuishi wakiwa vikongwe: wakati minyoo wa kawaida walikuwa wamelala wakitikisa kichwa kwa shida, hao walikuwa bado wakitambaa kama vijana.

Sababu ilieleweka vizuri zaidi mwaka 1997, maabara ya mwanasayansi Gary Ruvkun ilipoonyesha kwamba daf-2 hutengeneza kipokezi, yaani protini inayopokea ujumbe kwenye seli, kinachofanana na kile cha insulini cha binadamu. Chakula kikiwa tele, kipokezi hicho huiambia seli ikue na izae, na wakati huo huo huizuia protini iitwayo DAF-16 isiingie katika kiini cha seli. Ujumbe ukipungua, DAF-16 huingia humo na kuwasha jeni nyingi za kujikinga na kurekebisha uharibifu. Jeni ya DAF-16 ikiharibiwa, ile nyongeza ya maisha hupotea kabisa. Kwa hiyo uwezo wa kuishi zaidi ulikuwa tayari ndani ya mnyoo, umezuiliwa na ujumbe huo.

Mwaka 2003 panya wasio na kipokezi cha insulini katika seli za mafuta waliishi muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 18. Mwaka 2008, aina fulani ya jeni FOXO3, jamaa ya daf-16, ilihusishwa na maisha marefu kwa wanaume wa Hawaii wenye asili ya Japani. Mwaka 2009 kundi la Kenyon lilionyesha pia kwamba glukosi ikiongezwa katika chakula cha minyoo, maisha yao hufupika.

Haya yote hayamruhusu mgonjwa wa sukari kuacha sindano yake. Minyoo walioishi zaidi walipunguziwa ujumbe huo, hawakunyimwa. Daf-2 ikiondolewa kabisa, mnyoo hukwama katika hali ya lava (mnyoo mchanga) iliyodumaa na hafikii utu uzima.