Namba ya toleo la gemu ni ahadi kwa faili la hifadhi

Wanaoanza kutengeneza gemu zao wenyewe huniuliza swali hili kuliko mengine yote: toleo la kwanza niliite 0.1 au 1.0? Kabla sijajibu, nami huuliza la kwangu. Mchezaji aliyecheza gemu yako jana usiku akahifadhi, leo akisasisha, ataendelea pale alipoishia? Kama hujui jibu la hilo, namba yoyote utakayoibandika haitamfaa mtu, si wewe wala yeye.

Kanuni inayofahamika zaidi ya kuhesabu matoleo ya programu inaitwa Semantic Versioning, na aliyeiandika ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Ni namba tatu zinazotengwa kwa nukta. Ya kwanza hupanda ukibadilisha kitu kwa namna itakayovunja programu nyingine zinazokutegemea, ya pili ukiongeza jambo jipya bila kuvunja chochote, ya tatu ukirekebisha hitilafu tu. Ni kanuni nzuri sana, ila imetungwa kwa watu wanaotengeneza maktaba za msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa ili programu nyingine zivitumie. Inadai kwanza utangaze ni sehemu zipi za programu yako ambazo programu nyingine zinaruhusiwa kuziita. Gemu nyingi hazina kitu hicho. Hakuna programu inayoiita gemu yangu ya kilimo, na kwa hiyo, ukiisoma kanuni ile neno kwa neno, mimi sina cha kuvunja.

Ninacho, tena kikubwa. Kuna mtu ana saa mia moja ndani ya faili moja dogo kwenye kompyuta yake, na faili hilo linautegemea msimbo wangu kuliko maktaba yoyote. Ndiyo maana nimeigeuza kanuni ile iendane na faili hilo. Namba ya tatu ikipanda, faili la hifadhi linasafiri pande zote mbili: la jana linafunguka leo, na la leo linafunguka kwenye toleo la jana. Ya pili ikipanda, linasafiri mbele tu, yaani la zamani linafunguka kwenye jipya lakini ukishahifadhi upya huwezi kurudi nyuma. Ya kwanza naiacha kwa ajili ya binadamu. Nitaieleza hapo chini.

Ahadi hiyo haitunzwi na namba inayoonekana kwenye menyu. Inatunzwa na namba nyingine kabisa, ambayo mchezaji haioni. Mstari wa kwanza wa kila faili langu la hifadhi una namba kamili moja, tuseme `toleo_data: 7`. Namba hiyo haina nukta na haijali kama gemu iko 0.7 au 1.3. Inapanda kwa moja kila ninapobadilisha umbo la data. Mfano: kwenye data ya 6, mfuko wa mkulima ulikuwa orodha ya majina tu, "hindi, hindi, jembe". Kwenye ya 7, kila kitu kina jina, idadi na ubora. Basi kuna kazi moja fupi ndani ya msimbo (function) inayojua jambo moja tu, kuitoa data ya 6 na kuipeleka 7: inahesabu majina yanayojirudia, inaandika hindi mara mbili na jembe moja, na vyote inavipa ubora wa kawaida. Faili la data ya 4 likija, linapita 4 kwenda 5, 5 kwenda 6, 6 kwenda 7, hatua kwa hatua. Usijaribu kuandika njia ya mkato kutoka 4 hadi 7. Kila toleo jipya litakudai njia za mkato mpya, wakati mnyororo unadai kiungo kimoja tu.

Mambo mawili hapa sikubali kuyaruka. Kabla ya kugeuza chochote, gemu inanakili faili la zamani pembeni bila kuligusa. Na ikikuta faili lenye namba kubwa kuliko inayoijua, inakataa kulifungua na kumwambia mchezaji wazi kwamba faili hili limetoka toleo jipya zaidi, tafadhali sasisha. Jambo hilo linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu ana kompyuta mbili, moja imesasishwa, nyingine haikuwa na intaneti, na mafaili yanasawazishwa na wingu la Steam, duka la gemu za kompyuta. Gemu isiyoangalia namba italisoma faili nusu, itaona kipengele cha data ambacho haikijui, itakitupa, kisha itahifadhi juu yake.

Steam yenyewe haijui wala haijali kama umeandika 0.7 au 7.0. Kila unapopakia, inakupa namba yake ya ujenzi (build), na matawi ya gemu yako, yaani njia ambazo wachezaji hupokea toleo, yanaelekezwa kwenye namba hizo. Unaweza kulirudisha tawi kuu kwenye ujenzi wa wiki iliyopita kwa dakika chache pale sasisho linapoharibu mambo. Wengi hufurahia uwezo huo hadi siku wanapoutumia, wanapogundua kwamba wachezaji waliokwisha hifadhi kwenye toleo baya sasa wana mafaili ya mbele mikononi mwa gemu ya nyuma. Ukiwa na nidhamu ya namba ya pili na ya tatu, swali la "naweza kurudi?" unalijibu kwa kutazama tu. Kutoka 0.7.4 kwenda 0.7.3, rudi. Kutoka 0.8.0 kwenda 0.7.4, usirudi, rekebisha na utoe 0.8.1. Kwenye itch.io, duka jingine la gemu, mambo ni mepesi zaidi: chombo chao cha kupakia, butler, kinapokea namba yako kwa `--userversion`, na usipoitoa wanahesabu wenyewe kwa namba kamili.

Android ndiyo yenye masharti makali, na kwa sisi tunaotengenezea simu za Afrika Mashariki ndiyo yenye madhara zaidi. Kila APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu, ina namba mbili. `versionName` ni maandishi ya kusomwa na watu, unaweza kuandika upendavyo. `versionCode` ni namba kamili, na hiyo ndiyo simu inayoiangalia. Kwenye Google Play lazima ipande kila unapopakia, na kikomo chake ni 2,100,000,000. Wapo wanaotengeneza namba hiyo kwa tarehe. Mwaka, mwezi, siku na saa, kama 2025061514, inaingia chini ya kikomo. Kata mwaka uwe tarakimu mbili kisha ongeza dakika, 2506151430, umeshakipita. Na ukishapakia namba kubwa mno iliyo karibu na kikomo, huwezi kushuka tena. Mimi natumia hesabu ya kawaida, moja zaidi kwa kila ujenzi, na sijaona sababu ya kufanya ujanja.

Sasa fikiria APK inavyosafiri kwetu: kwa Bluetooth, kwa Xender, kutoka simu ya rafiki, ili kuokoa bando. Faili linafika bila ukurasa wa duka, bila maelezo, mara nyingine na jina lililobadilishwa. Mtu akijaribu kuweka toleo lenye `versionCode` ndogo juu ya kubwa, Android inakataa, na ujumbe anaouona haumwambii kwa nini. Anachofanya ni kuiondoa gemu kwanza, kisha kuiweka upya. Kwa kuiondoa, amefuta na shamba lake lote. Kwa hiyo gemu zangu za simu zina kitufe cha kutoa nakala ya faili la hifadhi kwenda kwenye folda ambayo haifutwi pamoja na programu, na namba ya toleo imeandikwa kwa herufi za kusomeka kwenye skrini ya kwanza kabisa.

Turudi kwenye namba ya kwanza. Sifuri mbele inasema gemu haijakamilika. 1.0 ni habari, na unaitoa mara moja tu. Tazama wengine walivyoitumia. Factorio ya Wube Software ilipanda 0.9, kisha 0.10, hadi 0.18, ndipo ikafika 1.0 tarehe 14 Agosti 2020. Tarehe ya awali ilikuwa Septemba, wakaivuta mbele wasigongane na Cyberpunk 2077. Kerbal Space Program iliruka kutoka 0.25 hadi 0.90 mwishoni mwa 2014 ili kutangaza kwamba imeingia beta, hatua ya majaribio inayofuata alpha. RimWorld ilitoka Alpha 17 ikaingia Beta 18. Dwarf Fortress ya ndugu Tarn na Zach Adams iliishi miaka mingi kwenye sifuri, na namba baada ya nukta zilionyesha ni sehemu ngapi za mpango wao zimekamilika kuelekea 1.0. Ilipotoka 0.47 na kuingia Steam Desemba 2022, waliiondoa sifuri na kuiita 50.01.

Hao wa Factorio wanafundisha jambo jingine ambalo wageni hulikosea: baada ya 0.9 huja 0.10, wala si lazima ije 1.0. Nukta hapa si ya desimali. 0.9 haimaanishi asilimia tisini. Na ukilinganisha matoleo ndani ya msimbo kama maandishi, 0.10 itaonekana ndogo kuliko 0.9, kwa sababu herufi 1 iko kabla ya 9. Zigawe kwenye nukta, zigeuze namba, ndipo ulinganishe.

Namba ya pili nayo isidharauliwe. Stardew Valley ya Eric Barone ilitoka 2016, na sasisho lake kubwa la Machi 2024 likaitwa 1.6 tu. Sasisho hilo lilibadilisha sana mambo ya ndani, na modi nyingi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, zikalazimika kusasishwa. Gemu yenye modi ina ahadi mbili za kutunza, na hapo ndipo Semantic Versioning inarudi kuwa na maana yake halisi, kwa sababu sasa kuna msimbo wa watu wengine unaokuita. Modi ya Factorio hutaja kwenye faili lake la `info.json` ni toleo gani la gemu inalifuata, kwa namba mbili za mwanzo pekee. Ya tatu haitajwi, maana viraka, yaani marekebisho madogo ya gemu, havitakiwi kuivunja modi. RimWorld inaruhusu modi moja iwe na folda ya 1.4 na folda ya 1.5 ndani yake, na gemu inachagua inayoifaa.

Kuhusu kuandika namba yenyewe: iwe mahali pamoja tu. Kati ya programu za kutengenezea gemu, Godot ina nafasi yake kwenye mipangilio ya mradi, `config/version`. Unity inaisoma kwa `Application.version`. Kwenye kona ya menyu yangu inaonekana `0.7.3-1842-a3f9c1e`: toleo, ujenzi, na alama ya git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, inayoonyesha msimbo uliotumika. Mchezaji akinitumia picha ya skrini yenye hitilafu, simuulizi chochote kwanza. Nafungua msimbo uleule, na data yake, naanza kutafuta.

La mwisho ni demo, ambayo wengi huihesabu kivyake. Steam inaipa demo utambulisho wake, na unaweza kuiita toleo lolote unalotaka. Lakini kama umeahidi kwamba aliyecheza demo ataendelea kwenye gemu kamili, demo na gemu lazima zitumie `toleo_data` ileile na mnyororo uleule. Weka mafaili halisi ya hifadhi yaliyotoka kwenye demo ndani ya hazina ya msimbo, na kila ujenzi mpya uyafungue yote kabla hujapakia.