Kwa nini bado tunaitazama Mayberry

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia za runinga, na waandishi chipukizi wanaopita mikononi mwangu huanza kwa kutazama kipindi cha Marekani cha The Andy Griffith Show, kinachosimulia maisha ya mji wa kubuni wa Mayberry, kilichorushwa na kituo cha CBS kuanzia 1960 hadi 1968. Wengi hudhani kinapendwa kwa kuwa hakina matusi wala damu. Sikubaliani nao. Enzi hizo karibu vipindi vyote havikuwa na matusi, na vingi vimekwisha kusahaulika.

Tazama sehemu moja ya mwaka 1963. Opie, mtoto wa sherifu Andy Taylor, anarusha jiwe kwa manati na kumuua ndege mwenye makinda. Baba anapoingia chumbani, mtoto anajua atachapwa. Hachapwi. Andy anafungua dirisha, anamwambia asikilize makinda wanavyomlilia mama yao asiyerudi tena, kisha anatoka. Miswada mingi ninayoletewa ingejaza hapo muziki wa huzuni na hotuba ndefu ya baba. Hapa kazi yote imeachiwa sauti ya ndege. Opie anawalea makinda mwenyewe, na wanapokomaa inambidi awaachie waruke, jambo linalomuuma kuliko adhabu yoyote. Yote hayo ndani ya nusu saa, matangazo yakiwemo!

Mwanzoni Andy Griffith, aliyeigiza sherifu, ndiye aliyetarajiwa kuchekesha. Alipoona kipaji cha Don Knotts, aliyeigiza Barney Fife, msaidizi wa sherifu, akamwachia vichekesho, naye akabaki mtu mtulivu wa kuegemewa. Knotts alitwaa tuzo tano za Emmy, tuzo kuu za runinga Marekani, kwa nafasi hiyo. Ni waigizaji wachache wakuu wanaokubali kupunguziwa kicheko kwenye kipindi chenye jina lao.

Wala vipindi vya aina hii havikuficha shida. The Waltons (1972–1981) inaanzia kwenye mdororo mkuu wa uchumi, familia ikihangaikia riziki milimani Virginia. Katika Little House on the Prairie, binti mkubwa, Mary, anapofuka, na hakuna muujiza unaomrudishia macho wiki inayofuata.

Vimedumu pia kwa sababu ya ufundi: vilipigwa kwa mkanda wa filamu, ndiyo maana picha zake bado ni safi, ilhali matangazo mengi ya moja kwa moja ya miaka ya 1950 yamepotea kabisa.

Kuna pengo linaloniuma kila nikirudia Mayberry. Ni mji wa North Carolina katika miaka ya kupigania haki za kiraia, lakini Wamarekani weusi hupita nyuma tu, karibu bila kupewa neno la kusema. Huwa nawaambia waandishi wangu walitazame pengo hilo kwa makini kama wanavyoitazama sehemu ya Opie na manati.

Ukitaka kuanza, anza na misimu mitano ya kwanza, ile isiyo ya rangi. Baada ya hapo Knotts aliondoka, akawa anarudi kama mgeni tu, na kipindi kilipoa.