Kolembola wa mapango ya visiwa vya volkano: wenyeji au wakimbizi?

Kolembola ni mnyama mdogo mwenye miguu sita ambaye wataalamu wengi hawamhesabu tena kuwa mdudu kamili. Sababu iko mdomoni. Sehemu za mdomo wa mdudu zinaonekana nje ya kichwa, lakini za kolembola zimezama ndani ya kifuko, na huzichomoza anapotaka kula. Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 3, na wapo wasiofika hata nusu milimita. Spishi zilizokwisha kuelezwa kisayansi zinazidi 9,000. Ni ukoo mkongwe kweli: kisukuku chao kimojawapo, kilichopatikana Rhynie huko Uskoti, kina umri wa takriban miaka milioni 400.

Anayejulikana zaidi ni yule anayeruka. Chini ya tumbo ana kiungo chenye panda mbili, kinachokunjwa kuelekea mbele na kushikiliwa na kibanio kidogo. Akishtuliwa, kibanio huachia, panda hupiga chini, na mnyama hurushwa hewani kama mtego unavyofyatuka. Kwenye pingili ya kwanza ya tumbo ana pia kineli kifupi ambacho hukitumia kunyonya maji na kujinatisha mahali penye utelezi. Chakula chake hasa ni kuvu, bakteria na mabaki yanayooza.

Kwa habari ya mapango, kiungo muhimu kuliko panda ni ngozi. Kolembola wengi hupumua kwa ngozi, na ngozi inayopitisha hewa haiwezi kuzuia maji yasipotee. Wakikaa penye hewa kavu hufa upesi. Ndani kabisa ya pango, ambako upepo haufiki na hewa imejaa mvuke kiasi kwamba haiwezi kupokea zaidi, tatizo hilo halipo. Njaa ndiyo inayobaki.

Mapango ya visiwa vya volkano hayafanani na yale ya mawe ya chokaa. Pango la chokaa huchimbwa na maji taratibu, kwa muda mrefu sana. Pango la lava linaweza kuumbika wakati mlipuko wenyewe bado unaendelea. Lava laini, yenye joto la karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi, inateremka mlimani. Juu inapoa na kuganda, ndani inaendelea kutiririka. Chanzo kikikauka, lava iliyobaki humwagika kuelekea chini na kuacha handaki tupu. Kazumura, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, lina urefu wa zaidi ya kilomita 65. Cueva del Viento huko Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, linapita kilomita 17.

Mahandaki haya huwa karibu na uso wa ardhi, na dari zake hubomoka mapema kuliko za chokaa. Hapo mtu atauliza: mnyama aliyezoea giza anaponaje pango lake likiporomoka? Jibu ni nyufa. Lava inapopoa hunywea na kupasuka, na mlima mzima wa lava changa umejaa mianya ya upana wa sentimita chache au chini ya hapo. Mnyama wa milimita 2 hupita humo na kuhamia lava mpya iliyomwagika jirani. Pango tunaloweza kuingia sisi ni sehemu ndogo tu ya makazi yao, na nadhani hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi mtu anaposikia maneno “mnyama wa pangoni”.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wengi waliamini kwamba mapango ya lava, hasa ya nchi za joto, hayana wanyama wake wenyewe. Mapango ni machanga mno, walisema, na katika nchi zisizofunikwa na barafu wakati wa enzi za baridi hakukuwa na kitu cha kuwasukuma wanyama wajifiche chini. Mwaka 1971 Frank Howarth, mtaalamu wa wadudu wa Bishop Museum ya Honolulu, aliingia katika mapango ya kisiwa cha Hawaii akawakuta: wadudu wasio na macho, weupe, wenye miguu mirefu, wanaoishi humo na si kwingine. Mwaka uliofuata alichapisha habari hizo katika jarida la Science. Tangu hapo wanyama wa namna hiyo wametafutwa na kupatikana katika visiwa vingi, vikiwemo Azori na Kanari, ambako hata mende wa jenasi Loboptera wana spishi za pangoni zilizopoteza macho.

Mmoja wa wale wa Hawaii anastahili kuangaliwa kwa karibu. Oliarus polyphemus ni mfyonza utomvu. Ndugu zake wa juu ya ardhi huishi kwenye mimea; yeye huishi kwenye mizizi ya mti wa ohia inayopenya dari ya pango na kuning’inia gizani. Haoni na haruki. Wakati wa kutafuta mwenzi, hutikisa mwili wake na mtetemo ukasafiri ndani ya mzizi, na mwenzake aliye mahali pengine kwenye mzizi huohuo huupokea kwa miguu na kujibu. Mti uliosimama juani ndio unaowalisha na ndio unaowapitishia ujumbe. Ukikatwa, vyote viwili vinakoma pamoja. Kolembola nao hunufaika na mizizi hiyo, maana inapooza huota kuvu.

Wataalamu huwagawa wakazi wa pangoni katika makundi matatu. Trogloksene huingia kujihifadhi lakini lazima atoke kutafuta chakula. Popo ni mfano. Troglofili anaweza kuishi na kuzaa ndani au nje. Troglobiti hawezi kabisa kukamilisha maisha yake nje ya pango na nyufa zake. Mgawanyo huu ni mwepesi kuueleza, ila kwa kolembola ni mgumu kuutumia. Kwa mbawakawa au buibui, upofu na weupe ni dalili nzuri. Kwa kolembola si dalili ya kutosha, kwa sababu spishi nyingi zinazoishi ndani ya udongo wa kawaida nazo ni nyeupe na hazina macho. Ukimkuta mmoja pangoni, huenda ameporomoka tu na udongo kutoka juu.

Kwa hiyo inabidi darubini. Kolembola wa udongoni huwa mfupi wa viungo, apate kupenya kati ya chembe. Yule aliyebadilika kwa ajili ya pango huelekea kuwa na vipapasio na miguu mirefu, na kucha ndefu nyembamba zinazomwezesha kutembea juu ya miamba iliyolowa na vidimbwi vya maji bila kunaswa. Mara nyingi viungo vya kunusia kwenye vipapasio vyake navyo vimekua. Urefu wa kucha usioonekana kwa jicho tupu ndio unaoamua kama spishi ni ya pango au ni mpita njia.

Hata hivyo, makundi hayo matatu hayasemi mnyama alifikaje humo. Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na visiwa hutoa majibu mawili.

La kwanza ni la Hawaii. Kuna nyenje wa jenasi Caconemobius katika kisiwa kimoja: spishi moja hukaa kwenye mawe ya pwani yanayorushiwa maji ya bahari, nyingine kwenye lava changa isiyo na mimea, na nyingine mapangoni. Wote wako hai, majirani. Yule wa pangoni hakubaki peke yake baada ya ndugu zake wa juu kufa. Aliingia kwa sababu ndani kulikuwa na chakula ambacho hakuna aliyekuwa anakila. Kisiwa chenyewe hakijafikisha miaka milioni moja tangu kitoke baharini, kwa hiyo mabadiliko hayo hayakuhitaji mamilioni ya miaka. Huyu ni mwenyeji kamili wa giza.

Jibu la pili ni la Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho kilomita 3,500 hivi kutoka bara, maarufu kwa sanamu za moai. Kilikuwa na msitu wa miti ya jamii ya michikichi. Kufikia mwaka 1722, baharia Mholanzi Jacob Roggeveen alipofika na meli zake, sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imekwisha, na baadaye, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, karibu kisiwa chote kiligeuzwa malisho ya kondoo. Wanyama wadogo waliotegemea kivuli na majani mabichi walipotea karibu kila mahali. Pamoja na hayo, kwenye midomo ya mapango ya lava, na chini ya matundu ambako dari imeanguka, kuna vitanda vidogo vya makangaga na mimea ya kijani inayotambaa juu ya mawe. Mwanga hafifu unafika, unyevu haukauki, na kondoo hawakuweza kuingia kirahisi. Humo ndimo walimopatikana kolembola wasiojulikana kwingine duniani. Mwaka 2015 wataalamu Ernest Bernard, Felipe Soto-Adames na Jut Wynne walieleza spishi 5 mpya ambazo zimepatikana mapangoni tu katika kisiwa hicho.

Baadhi ya spishi hizo ni za jenasi ambazo kwa kawaida huishi juu ya ardhi, kama Entomobrya na Seira. Pango halikuwaumba. Ni mahali palipobaki baada ya pengine pote kuharibiwa, na Wynne na wenzake waliwaita wanyama wa namna hii mabaki ya misukosuko. Kuwaita troglobiti kungepotosha, kwani mtu angehitimisha kwamba wanahitaji giza, hali wanachohitaji ni kitanda cha mita chache cha mimea hiyo, ambacho mgeni mmoja asiyeangalia anapokanyaga anaweza kukichakaza.

Tofauti hii hubadilisha namna ya kuwalinda. Kwa mwenyeji wa Hawaii, kinacholindwa ni miti ya juu na mizizi yake. Kwa mkimbizi wa Rapa Nui ni mdomo wa pango, na baadaye labda kupanua kivuli nje yake ili apate mahali pa kurudi. Kazi hiyo si rahisi, kwa sababu arithropodi (wadudu, buibui na jamaa zao) wa kigeni walioletwa na binadamu wameshaingia katika mapango yaleyale na wanakula katika vitanda vilevile. Dawa haiwezi kupulizwa humo: ingewaua wageni na wakimbizi kwa pamoja, na spishi hizo tano hazijulikani kuwa na mahali pengine ambako uzao wake ungeweza kuchukuliwa.