Je, Wajua Tangazo la Sekunde 30 Lilivyowanyima Watu Ndoa California?

Msichana mdogo anarudi nyumbani kutoka shuleni akiwa na kitabu mkononi. Anamuuliza mama yake kama anajua leo wamejifunza nini. Kabla mama hajajibu, anamweleza kwa furaha: mwana wa mfalme alimwoa mwana wa mfalme mwenzake, na yeye naye akikua anaweza kuoana na binti wa mfalme. Mama anabaki ameduwaa. Hapo anajitokeza profesa wa sheria, amevaa suti, sauti imetulia. Anasema msifikiri haya hayawezekani, yameshatokea. Massachusetts iliporuhusu ndoa za jinsia moja, shule zilianza kuwafundisha watoto wa darasa la pili kwamba wavulana wanaweza kuoana, na mahakama zikasema wazazi hawana haki ya kupinga. Pigeni kura ya Ndiyo.

Tangazo hilo lilirushwa California mwezi Oktoba 2008, kuwashawishi wapiga kura waunge mkono Pendekezo la 8, la kupiga marufuku ndoa za jinsia moja. Septemba, uchunguzi wa maoni wa Field Poll ulikuwa umeonyesha asilimia 55 ya wapiga kura wakiwa upande wa Hapana na asilimia 38 upande wa Ndiyo. Tarehe 4 Novemba, siku ileile Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais, Ndiyo ilishinda kwa zaidi kidogo ya asilimia 52. Ndoa za jinsia moja zikasimamishwa.

Sasa jiulize: Pendekezo la 8, lililokuwa likipigiwa kura, lilisema nini kuhusu shule? Halikusema lolote. Lilikuwa na maneno 14 tu kwa Kiingereza, ya kuongezwa kwenye katiba ya jimbo, yakisema kwamba ni ndoa kati ya mwanamume na mwanamke pekee iliyo halali au inayotambuliwa California. Hakuna neno shule, mwalimu wala kitabu. Basi ilikuwaje kampeni nzima ikageuka kuwa mjadala wa darasa la pili?

Turudi nyuma kidogo. Februari 2004, Gavin Newsom, wakati huo meya wa San Francisco, aliamuru ofisi ya jiji itoe vyeti vya ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Mahakama ya Juu ya California ilizibatilisha ndoa hizo Agosti mwaka huohuo. Lakini tarehe 15 Mei 2008 mahakama hiyohiyo, kwa kura nne dhidi ya tatu, ikaamua kwamba katiba ya jimbo inawapa watu hao haki ya kuoana. (Natumia “kuoana” kwa makusudi. Kitenzi hicho hakiulizi nani kaoa na nani kaolewa.) Ndoa zilianza katikati ya Juni. Kufikia siku ya uchaguzi, takriban jozi 18,000 za wapenzi walikuwa wameshafunga ndoa. Baadhi yao walikuwa wazee waliokaa pamoja miaka mingi kuliko umri wa wanasheria waliokuwa wakiwapinga.

Waliotaka kuyageuza hayo walikuwa na tatizo. Ni vigumu kumshawishi mtu wa kawaida kwamba majirani wawili waliooana wiki iliyopita wamemdhuru. Ndoa ya jirani haikupunguzii mshahara wala haikuvunjii ndoa yako. Kwa hiyo kampeni iliacha kuwazungumzia majirani. Ikamzungumzia mtoto wako.

Mbinu hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1977 huko Dade County, Florida, mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni ya kufuta sheria iliyokataza kuwabagua mashoga na wasagaji katika ajira na makazi. Kampeni yake iliitwa Okoa Watoto Wetu. Sheria ile ilihusu kazi na nyumba za kupanga, lakini wapiga kura waliambiwa habari za watoto, na karibu asilimia 70 wakaifuta. Miaka 31 baadaye, California ilisikia wimbo uleule, ila sasa umepigwa kwa vyombo vya kisasa.

Tulichunguze tangazo lenyewe, maana hapa ndipo penye ufundi. Watu wengi wanadhani tangazo la kupotosha ni uongo mtupu. Lingekuwa hivyo, lingekanushwa kwa sentensi moja. Hili lilitengenezwa kwa vipande vya kweli. Ni kweli kwamba katika mji wa Lexington, Massachusetts, mwalimu wa darasa la pili aliwasomea wanafunzi hadithi ya wana wa wafalme wawili waliooana. Ni kweli kwamba familia mbili ziliishtaki shule. Ni kweli kwamba mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizikatalia, Januari 2008. Lakini mahakama haikusema wazazi hawana haki ya kupinga. Wazazi wale walikuwa wamepinga, tena mpaka mahakamani. Walichonyimwa ni haki ya kikatiba ya kuilazimisha shule iwape taarifa mapema na kuwatoa watoto wao kila kinaposomwa kitabu wasichokubaliana nacho. Tofauti hiyo ni kubwa, ila kuieleza kunahitaji dakika kadhaa, na tangazo lilikuwa la sekunde 30.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halikuligusa kabisa. Hata Pendekezo la 8 lingepita, na lilipita, hakuna kitabu ambacho kingetolewa hata rafu moja. Mpiga kura aliyeogopa hadithi ya wana wa wafalme aliuziwa dawa isiyotibu ugonjwa aliotajiwa. Alipopiga kura ya Ndiyo, hakubadilisha somo la mwanawe. Aliondoa haki ya watu asiowajua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko chumvi yote iliyotiwa kwenye hadithi ya Lexington. Mzazi mwenye hofu ya kweli alitumiwa kufanya kazi ambayo pengine, angeulizwa waziwazi, angeikataa.

Kisha wapinzani wa ndoa wakaangukiwa na bahati. Tarehe 10 Oktoba, watoto wa darasa la kwanza wa shule moja ya San Francisco walipelekwa ukumbi wa jiji kumshangilia mwalimu wao, mwanamke aliyekuwa akifunga ndoa na mwanamke mwenzake. Newsom ndiye aliyewafungisha. Watoto walirusha petali za waridi na mapovu ya sabuni. Wazo lilitoka kwa mzazi, na wazazi waliidhinisha. Watoto wawili ambao wazazi wao hawakutaka walibaki shuleni. Yaani haki ya mzazi kukataa ilifanya kazi palepale, mbele ya macho ya wote. Lakini picha za watoto wale ziliingia kwenye matangazo ya upande wa Ndiyo, na baadhi ya wazazi wao walilalamika kwamba nyuso za watoto wao zinatumika kupiga vita harusi waliyokwenda kuisherehekea.

Upande wa Hapana ulifanya nini? Hapa sitawaficha, ingawa ndio niliowaunga mkono. Walichelewa. Zilipita karibu wiki mbili kabla ya kulijibu moja kwa moja suala la shule, kwa tangazo la Jack O'Connell, mkuu wa elimu wa jimbo, aliyesema Pendekezo la 8 halihusiani na shule. Wiki mbili za Oktoba ya uchaguzi ni nyingi mno. Tena matangazo yao mengi yalizungumzia usawa na katiba bila kuonyesha wanandoa wenyewe, kana kwamba watu waliokuwa wakitetewa ni aibu ya kufichwa chumbani. Upande mmoja ukamwonyesha mama na mtoto, mwingine ukaonyesha hoja. Mzazi aliyeshtuka saa mbili usiku hatafuti hoja. Anatafuta mtu wa kumwambia kwamba mwanawe yuko salama.

David Fleischer, mwanaharakati aliyezipitia takwimu za uchunguzi wa maoni wa kampeni hiyo na kutoa ripoti mwaka 2010, alikadiria kwamba katika wiki sita za mwisho watu kama 687,000 waliuhama upande wa Hapana. Karibu 500,000 kati yao walikuwa wazazi wanaoishi na watoto walio chini ya miaka 18. Pendekezo lilishinda kwa tofauti ya kura kama 600,000. Soma namba hizo mara mbili.

Mbinu ya kukata nusu ya ukweli ilitumika pia kwa Obama. Mwaka ule alikuwa akisema kwamba kwake yeye ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Lakini alikuwa pia amelipinga Pendekezo la 8 kwa maandishi. Vipeperushi na simu za kurekodiwa viliwafikia wapiga kura, hasa Wamarekani weusi, vikiwa na nusu ya kwanza bila ya pili. Baada ya matokeo, watu weusi ndio waliotupiwa lawama, kwa sababu utafiti mmoja wa siku ya uchaguzi ulidai asilimia 70 yao walipiga Ndiyo. Uchambuzi wa kina uliofuata mapema 2009 ulishusha kiwango hicho hadi chini ya asilimia 60. Lawama ile nayo ilikuwa kipande cha habari kilichokimbia kuliko ukweli wake.

Pengine unauliza: mbona hakuna aliyeshtakiwa? Ukitangaza Marekani kwamba dawa yako ya meno inaotesha jino lililong'olewa, Tume ya Shirikisho ya Biashara itakufuata. Lakini mamlaka ya tume hiyo ni bidhaa na huduma, si siasa. Matangazo ya wagombea ndiyo yamekingwa zaidi: sheria ya mawasiliano ya 1934 inakizuia kituo cha redio au televisheni kuyahariri. Tangazo la kundi linalopigia debe pendekezo, kituo kinaweza kulikataa. Ila pande mbili za Pendekezo la 8 zilitumia zaidi ya dola milioni 80, na fedha za namna hiyo hazikataliwi kirahisi.

Majimbo kadhaa yamejaribu kutunga sheria za kuadhibu uongo wa kampeni, na mahakama zimezivunja kwa msingi wa uhuru wa kusema. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliifuta yao mwaka 1998, katika kesi iliyohusu kura ya aina hiihii, ya pendekezo. Ya Minnesota ilianguka 2014, ya Ohio 2016. Nakiri kwamba ninaumia kila ninapolifikiria tangazo la wana wa wafalme, lakini sitamani serikali ipewe rungu la kuamua ukweli wa kisiasa ni upi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, serikali za Marekani zilikuwa na “ukweli” wao kuhusu mashoga, na ulikuwa wa kuwafukuza kazi na kuwafunga jela. Rungu hilo lingewashukia wao kwanza.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo mtu hawezi kusema na kuondoka. Pendekezo la 8 lilipelekwa mahakama ya shirikisho San Francisco. Oktoba 2009, kabla ya kesi kusikilizwa, Jaji Vaughn Walker alimuuliza Charles Cooper, wakili wa walioleta pendekezo, ndoa za jinsia moja zingeidhuru vipi ndoa ya mwanamume na mwanamke na lengo lake la uzazi. Cooper alijibu kwamba hajui. Kwenye televisheni majibu yalikuwa tele. Mahakamani, penye kiapo na maswali ya upande wa pili, walileta mashahidi wawili tu. Matangazo yenyewe yaligeuka ushahidi, na katika hukumu ya tarehe 4 Agosti 2010 Walker aliandika kwamba kampeni ile ilitegemea hofu kuwa mtoto akisikia habari za ndoa za jinsia moja huenda naye akawa shoga au msagaji. Akalibatilisha pendekezo. Baada ya rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ndoa zilirudi California Juni 2013, na miaka miwili baadaye zikawa halali nchi nzima.

Lakini mahakama haikuwa njia pekee, na mimi navutiwa zaidi na kilichotokea Maine. Huko bunge lilipitisha ndoa hizo Mei 2009, na Novemba wapiga kura wakazifuta, kampeni ikiongozwa na mshauri yuleyule wa California, Frank Schubert, kwa hoja ileile ya shule. Miaka mitatu baadaye, 2012, swali lilirudi. Safari hii watetezi walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, wakiongea na watu waliopiga kura dhidi yao na kuwasikiliza walichoogopa. Katika tangazo lao mojawapo, mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia ameketi mezani na familia yake, na anasema angependa kumwona mjukuu wake wa kike akifunga ndoa na mwenzake. Hakumtaja adui yeyote. Mtoto aliyekuwa akihangaikiwa sasa alikuwa na jina na kiti pale mezani, na alikuwa mmoja wa wale wanaonyimwa. Maine ilipiga Ndiyo, na safari hii Ndiyo ilimaanisha kuziruhusu ndoa hizo.

Maneno yale 14 yaliendelea kukaa kwenye katiba ya California, yakiwa yamekufa kisheria lakini yangali yameandikwa. Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa kama yafutwe. Zaidi ya asilimia 62 walisema yafutwe, na watoto waliokuwa darasa la kwanza Oktoba ile ya petali za waridi walikuwa tayari na umri wa kupiga kura.