Nimechoka na ile Oscar ya uhariri

Juzi mteja mwingine kaja hapa Sinza ninapohariri filamu, kakaa nyuma ya kiti changu, kaanza: "Kaka, changamsha. Kata kata kama ile ya Freddie, si ilichukua Oscar ya uhariri?" Huyo ni wa nne mwaka huu. Na ukisema Bohemian Rhapsody, filamu ya Freddie Mercury na bendi yake ya Queen, haikukugusa unaonekana mchawi: Freddie ni mtoto wa Unguja, bwana, na filamu ilibeba tuzo 4 mwaka 2019! Haya. Rami Malek alistahili yake, na ya sauti sina neno.

Sasa irudie ile sini bendi inapokutana na meneja John Reid. Watu wamekaa mezani, wanaongea basi. Mikato kama 60 ndani ya dakika mbili hivi. Huyu kaitikia kwa kichwa, kata. Yule hajasema kitu, kata. Ukinionyesha mtu anayesikiliza, nipe sababu: kuna kitu kimembadilika usoni, au kuna anachokificha. Pale macho yangu yanarushwa huku na huku kama konda anagombea abiria Mbagala, na mpaka sini inaisha sijui nani pale mezani anamhofia nani. John Ottman, mhariri mwenyewe, alishakiri hadharani kwamba akiiona anatamani kujivika mfuko kichwani. Mteja wangu ndiyo anataka kuilipia!

Tuzo nayo, wahariri waliteua tu. Kura ya mwisho ni ya wanachama wote wa Akademi inayotoa Oscar, mpaka wabunifu wa mavazi, ambao futeji iliyoachwa, yaani vipande vilivyopigwa visitumike, hawajaiona. Unahukumuje uhariri bila kujua mhariri alipewa nini?

Ila swali hilo linanirudia mwenyewe. Mwongozaji Bryan Singer alifukuzwa upigaji picha haujaisha, Dexter Fletcher akamalizia. Huenda Ottman alipokea vipande visivyoshonana, na mikato ile ni viraka. Mimi nimewahi kukata hivyo kumficha mwigizaji aliyesahau maneno, nikasifiwa kwa kasi. Tena lile tamasha la Live Aid la mwishoni, ambalo filamu inalionyesha kama bendi kurudiana, lilinitoa machozi, huku najua kabisa bendi haikuwa imevunjika. Januari ya mwaka uleule wa Live Aid, 1985, walikuwa jukwaani Brazili.

Kaka wa juzi, sini yako ya posa ina mikato 9. Pale mama mkwe anaponyamaza sekunde sita, sigusi.